Mashimo Mawili ya Muriel Hepworth

Ukitaka kumkasirisha Muriel Hepworth, mwambie kwamba bustani ni kazi ya kupitishia wakati. Atakutazama kutoka viatuni hadi utosini, kisha atakuuliza, "Wewe umewahi kuchimba udongo wa Ockerby mwezi wa Januari?" Ukinyamaza umepona. Ukijibu, utasimama hapo mpaka chai yako ipoe.

Alizaliwa mwaka 1944 nyuma ya kiwanda cha sufu, nyumba ya tatu kutoka mto Ocker, na mto huo ulimlea sambamba na mama yake. Mama alikuwa mfumaji. King'ora cha jioni kilipolia, wafumaji walitoka kwa mlango wa nyuma wakafuata njia ya ukingoni, mkono mmoja maji, mkono wa pili ukuta wa kiwanda, mpaka geti la chini la bustani ya mji. Ukigeuka upande mwingine, njia hiyo hiyo ilikupeleka kizingitini, pale mto unaporuka ukuta wa mawe ukamwagika mweupe kama maziwa yaliyofura sufuriani. Hakuna aliyeuliza njia ni ya nani. Nani anauliza hewa ni ya nani?

Shule aliiacha na miaka kumi na mitano, kama wengi wa wakati ule, wala hakuona haya. Alijua kusoma, alijua kuandika, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa karani. Miaka mitatu akaosha vyombo katika kantini ya kiwanda. Halafu Septemba ya 1962 akaona tangazo kwenye dirisha la halmashauri: bustani ya mji inataka kibarua. Tangazo halikusema mwanamume. Muriel akaenda.

Mnyapara wa bustani alikuwa Bwana Dobbs, mtu wa masharubu na maneno machache, mengi yao mabaya.

"Hapa watu wanabeba mawe," akamwambia.

"Nimeona."

"Unajua kupika chai?"

"Najua. Wewe hujui?"

Vibarua sita walioegemea matoroli yao wakatazama pembeni wasije wakacheka. Dobbs akamtupia koleo kubwa kuliko yote. Muriel akalidaka, na kwa miaka arubaini na miwili hakulirudisha.

Mwaka uliofuata akafa mzee Amos Sugden. Amos alikuwa amefuma sufu nusu karne, na alipostaafu hakujua aifanyie nini miguu yake, basi kila siku ya Mungu akawa anakwenda kizingitini na maganda ya mkate mfukoni kwa ajili ya bata. Kwetu mtu wa namna hiyo akifa hatumjengei mnara. Tunamwekea benchi pale alipopenda kusimama, na kibati cha shaba chenye jina lake, ili wengine wapumzike kwa niaba yake. Wafumaji wakachanga, halmashauri ikatoa benchi la chuma na mbao, na Dobbs akamtuma Muriel kuchimba mashimo mawili ya miguu yake.

"Futi moja na nusu," Dobbs akasema. "Ingawa ukichimba wewe, litaondoka na mvua ya kwanza."

Muriel alichimba futi tatu. Alichimba mpaka akakuta changarawe, akashindilia mawe, akamimina saruji, akaisimamisha ile miguu ya chuma kama anayemzika adui asiyetaka afufuke. Na kwa hasira iliyobaki akapanda vitunguu vya dafodili, yale maua ya manjano yenye mdomo wa tarumbeta, mistari miwili iliyonyooka, mmoja kila upande wa benchi. Mtunza bustani mwenye akili zake hapandi dafodili kwa mistari. Huzimwaga tu, ziote zilipoangukia. Muriel alizipanda kama askari wa gwaride, ili Dobbs akipita ajue kwamba hapa alikuwapo mtu anayejua kuvuta kamba ya kupimia mstari.

Dobbs akapita. Akalisukuma benchi kwa goti, halikutikisika. Akalisukuma kwa bega.

"Hm," akasema.

Kwa Dobbs hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Kwenye benchi hilo hilo, mwaka 1966, Stanley Hepworth alikaa na Muriel saa nzima akizungumzia mawingu. Stanley alikuwa seremala, na Jumamosi alicheza matufe ya kuviringisha kwenye uwanja wa majani wa bustani, na haya yake ilijulikana mji mzima. Mwisho akajikaza.

"Muriel, nadhani mvua itanyesha, na nadhani tuoane."

"La mvua sina hakika nalo," Muriel akamjibu.

Wakaoana. Miaka ikaenda kwa majira, si kwa tarehe. Muriel ndiye aliyepanga maua ya ile saa kubwa ya ardhini, iliyopandwa mbele ya kibanda cha bendi, ambayo watu walikuja kupiga nayo picha kutoka miji ya pili. Dobbs alipostaafu, mwaka 1979, ufunguo wa stoo ya bustani ukakabidhiwa Muriel: mnyapara wa kwanza mwanamke Ockerby, na wanaume tisa chini yake. Siku ya kwanza akawapanga mstari akawauliza, "Nani kati yenu anajua kupika chai?" Tangu hapo walipika kwa zamu.

Na kila siku, kazi au sikukuu, mvua au barafu, alipita njia ya ukingoni hadi kizingitini na kurudi. Alipita akiwa na mimba, alipita akisukuma kigari cha mtoto, alipita na Stanley Krismasi baada ya kushiba.

Februari ya 1991 mto ukaja juu. Uliingia bustanini ukapanda hadi jukwaa la bendi, na ulipoondoka uliacha ukingoni tope la kufika magotini. Watu wakasema benchi la Amos limekwenda na maji, labda sasa linakaliwa na samaki. Muriel hakwenda kutazama. Mwezi huo Stanley alikuwa hospitali, na mwisho wa mwezi akamzika. Mwaka mzima hakushuka ukingoni. Aliporudi, miiba ilikuwa imefunga mahali pale, na wapitaji walikwisha kuisogeza njia hatua kadhaa juu, karibu na ukuta. Aliamini walichoamini wengine. Kusema kweli hakutaka kuthibitisha. Benchi na Stanley vilikuwa vimeondoka pamoja, na aliona ni afadhali hivyo.

*

Kiwanda kilikuwa kimefungwa zamani. Mwaka 2016 akakinunua Bwana Crispin Vane, mtu wa suti nyembamba, ili ayafanye maghala kuwa nyumba za watu wenye nafasi. Wenye nafasi hawapendi kuona bibi na mbwa wakipita chini ya dirisha. Asubuhi moja Muriel akafika geti la chini akakuta ua wa chuma, kufuli, na ubao: MALI YA MTU BINAFSI. Akausoma mara mbili. Kisha akageuka akaenda moja kwa moja kwenye mkahawa wa bustani, kwa rafiki yake Jean Oldroyd, ambaye amewauzia watu wa Ockerby chai na maneno kwa miaka thelathini.

Alimkuta na Norris Pickles. Norris alikuwa dereva wa gari la taka. Sasa amestaafu, analima kishamba chake cha kukodi, na hakuna jambo asilokwenda kulisoma maktaba ili apate la kubishania.

"Ni hivi," Norris akasema, akimega mkate wa tangawizi. "Sheria ni ya zamani na ni tamu. Njia ikipitwa na watu miaka ishirini mfululizo, bila kuvunja kitu, bila kujificha, bila kuomba ruhusa, inakuwa ya watu. Na ikishakuwa ya watu hairudi tena kuwa ya mtu. Hata malkia hana la kusema."

"Bila kuomba?" Jean akauliza. "Yaani ukiomba umepoteza?"

"Ukiomba umekiri kwamba yuko mwenyewe."

"Basi Ockerby tumekwisha. Hapa mtu akigongana na mlango anauomba radhi."

Walicheka, lakini kicheko hicho Muriel alikuja kukikumbuka.

Walianza kukusanya mashahidi. Kila mmoja alijaza karatasi: alipita lini, mara ngapi, aliwahi kuzuiwa? Muriel alizunguka na karatasi zile nyumba kwa nyumba, akanywa chai za aina zote, nyingine hazinyweki. Akapata watu sitini na mmoja. Serikali ikapanga kuleta mkaguzi asikilize shauri Machi ya 2018, kwenye ukumbi wa mji.

Wiki mbili kabla ya hapo wakili wa Bwana Vane akaleta nakala ya ushahidi wake. Ulikuwa karatasi moja, barua ya mkono, ya mwezi wa tano 1987. Mwandiko mzuri kuliko wa karani.

*Mpendwa Bwana, kwa niaba ya Jumuiya ya Wapenda Bustani nakushukuru kwa dhati kwa wema wako wa kuturuhusu kupita njia ya ukingoni...*

Muriel hakumaliza mstari wa pili. Aliikunja barua akaifunika kwa kiganja juu ya meza ya mkahawa, kana kwamba inaweza kuruka.

"Ni wewe?" Jean akauliza.

"Ni mimi. Yule mzee mwenye kiwanda alikuwa ametengeneza kikingio cha kushikia pale penye utelezi. Nikaona ni adabu kumshukuru."

Wahenga wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Muriel alikuwa amejikwaa kalamu. Sisi watu wa huku ukitukanyaga mguu, sisi ndio tunaoomba samahani. Tunashukuru kwa kilicho chetu. Na sasa wakili alikuwa anasema: tangu 1987 watu walipita kwa ruhusa, miaka hiyo haihesabiki; na kabla ya 1987 palikuwa uani kwa kiwanda, walipita wafanyakazi tu kwa hisani ya tajiri wao. Katika wale mashahidi sitini na mmoja, waliopita kabla ya barua walikuwa saba, na wawili kati yao hawakumbuki hata majina ya wajukuu.

"Njia ilivumilia tajiri, ikavumilia mafuriko," Muriel akasema, "ikaja kuuawa na asante yangu."

"Acha hayo, shoga," Jean akasema. "Kula."

Muriel hakula. Watu wa Ockerby, wapole kama walivyo, hawakumlaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Walimpisha tu foleni dukani, kama mfiwa.

*

Siku ya shauri ukumbi ulijaa. Mkaguzi alikuwa Bi Farrow, mwanamke mwembamba mwenye nywele fupi, na Norris ndiye aliyegundua kwamba ameweka gambuti zake chini ya meza, ndani ya mfuko wa plastiki. "Huyo ni mtu wa matope," akanong'ona. "Tuna nafasi."

Wakili, Bwana Ashcombe, alikuwa na sauti ya siagi. Alimsimamisha Muriel akampa ile barua.

"Bi Hepworth, huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Unamshukuru mwenye mali kwa kukuruhusu kupita."

"Namshukuru. Mama yangu alinifundisha adabu."

"Na kabla ya hapo unadai ulipita tangu mwaka 1962. Ni miaka hamsini na sita, mama. Kumbukumbu ni kitu kigumu. Kwa mfano, unakumbuka ulikula nini mchana wa Jumanne iliyopita?"

"Pai ya nyama na viazi," Muriel akasema. "Nusu. Nusu nyingine alikula Jean Oldroyd, yule pale mwenye kofia ya kijani, wakati nimekwenda kunawa mikono."

Ukumbi ukacheka. Jean akatazama dari.

"Wakati wa kunidharau umekwisha?" Muriel akauliza kwa upole. "Maana umesoma mstari mmoja tu wa barua yangu. Mimi sijawahi kuandika barua ya mstari mmoja. Isome yote."

Kusema kweli hakukumbuka kilichofuata. Alijua tu kwamba hakuwa mtu wa kumaliza barua haraka. Wakili akasita, lakini Bi Farrow akanyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe kwa sauti.

*"...na pia nawashukuru vijana wako ambao, walipofyeka nyasi wiki iliyopita, waliyaacha maua yangu yaliyo kando ya benchi la mzee Amos."*

Bi Farrow akainua macho. "Benchi gani?"

Muriel alihisi kitu kikipita mgongoni, kama mtu amefungua mlango nyuma yake. Benchi la halmashauri. Benchi la mwaka 1963, lenye alama ya mji. Halmashauri haiweki benchi uani kwa mtu. Inaliweka kwenye njia ya watu. Kutoka 1963 hadi barua ya 1987 ni miaka ishirini na minne.

"Benchi la ukumbusho la Amos Sugden," akasema. "Lipo ukingoni. Mashimo yake nilichimba mimi."

"Mteja wangu ameitembea ardhi ile yote," wakili akasema. "Hakuna benchi. Na mashahidi wako wenyewe, mama, watatu wameandika kwamba lilichukuliwa na mafuriko."

"Wameandika walichosikia."

"Wewe umeliona kwa macho yako tangu mafuriko?"

Muriel angeweza kusema ndiyo, nani angembishia?

"Hapana," akasema. "Lakini benchi nililolichimbia mimi haliendi na maji."

Bi Farrow akaandika kitu. Kisha akasema kwamba kesho asubuhi ataizuru njia, kama ilivyo desturi, na pande zote zinakaribishwa.

Walipotoka nje Norris akamshika mkono. "Muriel, mama, una uhakika?"

"Nilichimba futi tatu."

"Nimekuuliza una uhakika."

"Na mimi nimekujibu."

*

Asubuhi ilikuwa na umande wa barafu. Ng'ambo ya mto, nusu ya mji ilikuwa imejipanga kando ya maji na chupa zao za chai, batamaji wamesogea wakidhani ni siku ya mikate. Kufuli likafunguliwa. Akaingia Bi Farrow na gambuti zake, wakili na mwavuli, Bwana Vane na viatu vya ngozi, kisha Muriel, Jean na Norris.

"Viatu vizuri, Bwana Vane," Norris akasema. "Vya leo tu?"

Muriel hakusikia. Miguu yake ilikuwa inarudi mahali ilipopajua kabla kichwa hakijafika. Walipofika kwenye mwerebi ule mkubwa unaolaza matawi majini, akasimama akaweka mgongo kwenye shina.

"Kutoka hapa," akasema, "hatua thelathini na mbili."

Akahesabu. Thelathini na mbili ikamfikisha mbele ya ukuta wa miiba mrefu kuliko yeye, mweusi, umesukana kama sufu mbovu. Akachungulia. Hakukuwa na chuma wala benchi, tope tu na mabua. Wakili akakohoa kidogo, kikohozi cha kuridhika.

Muriel alisimama. Alisikia kizingiti kikinguruma na bata wakigombana. Alifikiri, nimewadanganya watu wote hawa kwa ajili ya kiburi changu.

Jean akamkaribia. "Shoga," akasema polepole, "hatua hizo zilikuwa za nani? Za msichana wa miaka kumi na tisa mwenye hasira, au za bibi mwenye goti bovu?"

Muriel akamtazama. Kisha akaendelea mbele, hatua moja, mbili, nne, saba. Akainama. Akapiga goti moja kwenye tope, lile bovu, akainua matawi kwa mikono miwili.

Ndani ya giza la miiba yalisimama majani mabichi, membamba kama panga, mamia, na katikati yake maua matano tu ya manjano yaliyofanikiwa kupata jua. Yangeweza kuwa maua yoyote. Isipokuwa yalisimama kwa mistari miwili, imenyooka kama gwaride. Hakuna mto unaopanda maua kwa kamba.

"Bwana Vane," Bi Farrow akasema, "una kipingamizi miiba hii ikikatwa?"

Bwana Vane akatabasamu. Alikuwa amekwisha kuitembea ardhi yake. "Hata kidogo. Kata, bibi. Kata mpaka utosheke."

"A..." Muriel akaanza, na Jean akamfinya mkono kwa nguvu zake zote. Muriel akaifunga midomo. Akatoa mfukoni mkasi wake wa kupogolea, ule wenye mipini myekundu aliopewa siku ya kustaafu, akaanza kazi.

Nawaambieni, ng'ambo ya mto hakuna aliyekunywa chai. Mwanamke wa miaka sabini na mitatu alikata miiba dakika arubaini bila kupumzika. Norris alitaka kusaidia akaambiwa avute matawi tu, tena asiburute ovyo. Mikono ya Muriel ilichanika, hakujali. Kwanza mkasi uligonga kitu kilicholia ting. Akakata kwa kukizunguka. Ukatokea mkono wa benchi, chuma chenye kutu, umepinda kama shingo ya batamaji. Halafu mgongo. Mbao zilikuwa zimeoza na kwisha, na tope la 1991 lilikuwa limepanda hadi kwenye kikalio, lakini mifupa ya chuma ilikuwa imesimama wima, na ubavuni pake, chini ya kuvu, ile alama ya mji, korongo mwenye samaki mdomoni.

Kibati kilikuwa kimepigiliwa kwenye chuma cha mgongo. Kilikuwa cheusi kabisa. Muriel akatema mate kwenye leso, akasugua, akatema tena. Herufi zikaanza kutoka moja moja, kama watu wanaoamka. Macho yake hayakuona vizuri, si kwa uzee. Akampisha Bi Farrow asome.

*"Amos Sugden, mfumaji. Kila siku alipita hapa. Keti kidogo, mpita njia. Halmashauri ya Ockerby, 1963."*

Wakili akafunga mwavuli wake, akaufungua, akaufunga tena. Bwana Vane alikuwa anatazama viatu vyake.

Bi Farrow akasogea karibu. Akalisukuma benchi kwa goti. Halikutikisika. Akarudi nyuma kidogo, akalisukuma kwa bega, gambuti zikateleza kwenye tope, benchi likabaki pale pale.

"Hm," akasema.

Muriel alicheka peke yake mpaka machozi yakamshuka, na hakuna aliyejua ni kwa nini. Ng'ambo ya mto mtu mmoja alianza kupiga makofi, kwa adabu, kama kwenye mchezo wa matufe. Halafu mwingine. Halafu wote, na batamaji wakaruka.

*

Barua ya serikali ikaja mwezi wa sita. Ilikuwa kurasa kumi na moja, na Norris aliisoma yote mkahawani kwa sauti, pamoja na namba za vifungu, watu wakamvumilia kwa sababu mwisho wake walikuwa wanaujua: njia ya ukingoni ni njia ya watu, ilikuwa njia ya watu kabla barua ya shukrani haijaandikwa, na ua wa chuma uondolewe. Juu ya benchi mkaguzi aliandika ukurasa mzima. Alilitaja kuwa limesimikwa *kwa uimara usio wa kawaida*. Maneno hayo matano Jean aliyaandika kwa chaki kwenye ubao wa mkahawa, juu ya bei ya supu, na mpaka leo hayajafutwa.

Watu walitaka kumwekea Muriel benchi lake. Aliwaambia wasubiri afe kwanza, na kwamba hana haraka. Alichotaka ni mbao mpya kwa benchi la Amos, na mtu wa kuondoa lile tope. Vijana wa bustani, wanafunzi wa wale aliowafundisha kazi yeye, walifanya hayo kwa siku mbili. Mwenyewe alisimama juu yao. Walipofikia saruji mmoja akaita wenzake waje waone, akauliza, "Mama, ulikuwa unasimika benchi au daraja?"

Siku ya kufungua, Jumamosi ya kwanza ya Julai, bendi ilipiga kwenye kibanda chake na mji ukashuka hadi geti la chini: vigari vya watoto, mbwa, wazee wa viti vya magurudumu, wale mashahidi sitini na mmoja wakiwa wamevaa kama wanaokwenda harusini. Ua ulikuwa umeng'olewa, limebaki geti dogo la mbao la kuzuia ng'ombe wasioishi Ockerby tangu enzi za babu zetu, lakini sheria yao ni sheria. Na Bwana Vane, ambaye si mtu mbaya, alikuwa amekuja. Alikuwa amevaa gambuti mpya. Alifungua geti, akalishika liwe wazi, akainamisha kichwa.

"Karibu upite, Bi Hepworth."

Mji mzima ulisimama. Kila mtu alijua. Miaka sabini na minne Muriel hakuwahi kupita mlango ulioshikiwa bila kusema lile neno. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi wake kama jino. Jean alikuwa nyuma yake, vidole tayari kwa kufinya.

Muriel aliweka sawa kofia yake. Akamtazama Bwana Vane usoni, kwa upole wote aliofundishwa na mama yake.

"Habari za asubuhi," akasema, na akapita.

"Amelimeza," Norris akanong'ona.

"Litamkaa tumboni wiki nzima," Jean akajibu, akipangusa macho kwa ncha ya kitambaa cha shingo. "Twende, bwana, usizibe njia. Si yako peke yako."

Muriel hakugeuka. Alikwenda kwa hatua zake fupi, mkono mmoja maji, mkono wa pili ukuta, akaupita mwerebi. Hakuhesabu. Alipofika, alilisukuma benchi kidogo kwa goti, kwa desturi tu, akaketi katikati, akanyoosha miguu yake mbele ya mto, na nyuma yake mji wote ukaja ukipita.